Kitasa cha Hadhara, Ufunguo wa Faragha

Ufunguo ni kitu kidogo, lakini nyumba nzima humtegemea mwenye kuushika. Aupotezaye hulala nje. Ampaye mtu asiyemjua hulala ndani bila ya amani. Katika mambo ya mbao na chuma hekima hii haina mpinzani. Hakuna mwenye akili timamu ampaye mpita njia ufunguo wa sanduku lake kwa sababu mpita njia huyo amevaa kanzu safi. Walakini, mara mlango unapokuwa wa kompyuta, hekima hiyo husahauliwa. Msomi ambaye asingemwachia jirani yake ufunguo wa kabati la vitabu huyaweka maneno yake yote ya siri katika mikono ya kampuni asiyoijua, katika nchi asiyopata kuifika, chini ya mapatano asiyoyasoma.

Kosa hili ni la watu wengi, lakini lawama yake haigawanyiki sawasawa. Mwenye duka akilifanya ana udhuru: hakusomea jambo hilo, na siri azilindazo aghalabu ni zake mwenyewe. Msomi hana udhuru huo, kwa kuwa siri nyingi alizonazo si zake. Ana maswali ya mtihani ujao na alama za mtihani uliopita ambazo hazijatangazwa. Ana mazungumzo ya wazee waliomweleza habari za ugomvi wa mashamba, za maradhi, za talaka na za siasa, wakaahidiwa kuwa majina yao hayatajulikana. Ana miswada ya wanafunzi ambayo haijapigwa chapa. Vitu hivi vyote ni amana, na amana haina likizo. Aliyepewa amana akailinda kwa uvivu hawezi kujitetea kwa kusema kuwa aliyeipoteza ni mwingine.

Lipo jambo la pili linaloongeza lawama. Dawa ya ugonjwa huu ipo, haiuzwi, na imeundwa kwa maneno. Ni kutunza siri kwa programu huria ziendeshwazo kwa mstari wa amri, yaani kwa kuiandikia kompyuta linalotakiwa badala ya kubonyeza picha. Wasomi wengi huikimbia dawa hii wakisema kuwa ni kazi ya mafundi. Watu wanaopata riziki yao kwa kuandika hukiogopa chombo kwa sababu kinataka kuandikiwa! Katika vioja vya vyuo hiki si kidogo.

Neno la siri la kompyuta halikuzaliwa benki wala jeshini, lililelewa chuoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika chuo cha MIT huko Marekani, Fernando Corbató na wenzake waliunda mfumo ulioitwa CTSS, uliowawezesha watu wengi kuitumia kompyuta moja, kila mtu akiwa na faili zake. Ili faili za huyu zisifunguliwe na yule, kila mtu alikuwa na neno lake la siri. Mwaka 1962 mwanafunzi wa shahada ya juu, Allan Scherr, aliyetaka saa nyingi za kompyuta kuliko alizogawiwa, aliiagiza mashine impigie chapa orodha ya maneno yote ya siri, nayo ikampigia. Mwaka 1966, katika mfumo huo huo, faili mbili zilibadilishana nafasi kwa kosa la programu. Kila aliyeingia akapokewa na orodha ya maneno ya siri ya watu wote badala ya tangazo la siku. Aliyezipata siri hizo kwanza hakutoka mbali, bali alikuwa mwanachuo. Na kosa halikuwa la watumiaji. Lilikuwa la ghala moja lililokusanya siri za wote katika maandishi yanayosomeka.

Somo la pili lilitolewa mwaka 1979 na Robert Morris na Ken Thompson wa Bell Laboratories. Walikusanya maneno ya siri 3,289 yaliyochaguliwa na watu wenyewe, wakaona kuwa 2,831, yaani 86 katika kila 100, yangeweza kupatikana kwa urahisi: ama yalikuwa mafupi mno, ama yalikuwa ya herufi za namna moja tupu, ama yalikuwamo katika kamusi na orodha za majina. Miaka 30 baadaye, mwaka 2009, kampuni ya RockYou iliibiwa maneno ya siri zaidi ya milioni 32 yaliyowekwa bila kufumbwa, na neno lililopendwa na watu wengi kuliko yote lilikuwa 123456. Kizazi kizima kilipita, na mwanadamu hakubadilika.

Wakubwa wa ofisi hudhani kuwa watambadilisha kwa kumwamuru aligeuze neno lake kila baada ya siku 90. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliachana na shauri hilo mwaka 2017, ikaeleza kuwa neno ligeuzwe pale panapokuwa na dalili kuwa limejulikana. Sababu si ngumu kuielewa. Anayelazimishwa kugeuza huongeza tarakimu moja mwishoni, na mwizi naye anajua kuhesabu. Amri ya namna hiyo humchosha mwaminifu bila ya kumzuia mwovu, na bado imo katika kanuni za ofisi nyingi kwa sababu tu hakuna aliyejisumbua kuifuta.

Kichwa kimoja hakiwezi kushika maneno mia moja yaliyo marefu, yasiyofanana na yasiyo na maana. Kwa hiyo ghala halina budi liwepo. Hoja si kuwa nalo au kutokuwa nalo; hoja ni nani awe bawabu wake. Makampuni yamejibu kuwa kazi hiyo ni yao. Huonyesha picha za kufuli na ngao, hupokea kodi ya kila mwezi au kila mwaka, na humwambia mteja asijisumbue. Desemba 2022 moja ya makampuni hayo, LastPass, ilitangaza kuwa wavamizi walikuwa wamechukua nakala za maghala ya wateja wake. Maneno ya siri yenyewe yalikuwa yamefumbwa, lakini anwani za mahali yanapotumika hazikufumbwa. Mteja ambaye neno lake kuu lilikuwa dhaifu aliachwa akishindana na mwizi mwenye nakala mkononi na asiye na haraka. Wahenga walisema kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na hapa aliyetegemewa hakuwa hata ndugu.

Haisemwi kuwa makampuni ni mashetani na watu binafsi ni malaika. Linalosemwa ni hesabu. Ghala la siri za mamilioni huwavuta wezi wa dunia nzima, maana kulivunja mara moja kunalipa mara milioni. Ghala la mtu mmoja, lililomo katika kompyuta yake mwenyewe, halivuti msafara wa namna hiyo.

Msingi wa dawa inayotetewa hapa ni wa mwaka 1883. Mwaka huo Auguste Kerckhoffs, mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha Kijerumani mjini Paris, alichapisha makala juu ya maandishi ya siri ya kijeshi. Alisema kuwa mfumo wa kufumba usiwe wenye kuhitaji kufichwa. Ukianguka mikononi mwa adui pasiwe na hasara, maadamu ufunguo umesalimika. Yafaa ikumbukwe kuwa huyu alikuwa mwalimu wa lugha. Jambo ambalo wasomi wa lugha leo huwatupia mafundi liliwekewa nguzo yake kuu na msomi wa lugha.

Waswahili nao walilisema jambo hilo kwa upande wao: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Anayetumaini kuwa namna yake ya kufumba haijulikani anatumaini kuwa duniani hamna mwerevu. Programu huria huichukua methali hiyo kwa uzito wake wote. Huyaweka maandishi yake hadharani ili mjinga na mwerevu wayasome, wayapime na wayakosoe, na kinachobaki faragha ni ufunguo peke yake. Programu inayomwambia mtu aiamini lakini asiitazame ndani humwomba imani ambayo msomi hampi hata mwandishi mwenzake asiyeonyesha ushahidi.

Vyombo vyenyewe ni viwili. Cha kwanza ni GnuPG, kilichoanzwa na Werner Koch wa Ujerumani mwaka 1997 na kutolewa kikiwa kamili kwa mara ya kwanza mwaka 1999. Hutumia funguo mbili zilizozaliwa pamoja: wa hadhara, ambao hufunga, na wa faragha, ambao hufungua. Cha pili ni programu fupi iitwayo pass, ambayo Jason Donenfeld aliitoa mwaka 2012. Kazi yake ni ya bawabu tu. Kila neno la siri hukaa katika faili yake, faili hiyo hufumbwa kwa GnuPG, na faili zote hupangwa katika makabrasha kama barua za ofisi. Mwenye nayo akitaka neno jipya, humtungia herufi na alama 25 za bahati nasibu ambazo hana haja ya kuzikumbuka. Akitaka la zamani, humtolea. Na akipenda lisionekane kwenye kioo, hulinakili tayari kwa kubandikwa na kuifuta nakala baada ya sekunde 45. Akitia neno la siri kwa mkono, programu humwuliza kando bila ya kulionyesha, kwa maana kompyuta huweka kumbukumbu ya amri zilizoandikwa, na siri haifai kukaa katika kumbukumbu hiyo. Haya yote hufanyika bila ya intaneti. Hata pass yenyewe ikitoweka kesho, faili zitafunguka kwa GnuPG peke yake. Mtu hafungwi na bawabu wake.

Hapa ndipo mwanachuo anapokunja uso. Husema kuwa mstari wa amri ni mweusi, ni mkavu, tena ni wa zamani. Ni kweli kuwa ni wa zamani. Na kalamu je? Picha za kubonyeza zina mipaka ya aliyezichora: asilolichora halibonyezeki. Mstari wa amri una sarufi, na mwenye sarufi hutunga sentensi ambayo hakufundishwa. Aliyejifunza minyambuliko ya vitenzi vya Kiswahili, au mizani na vina vya tenzi, hawezi kudai kwa haki kuwa maneno matatu katika mstari mmoja yamemshinda. Hayakumshinda; ameyadharau.

Wengine husema kuwa amri hizo ni za Kiingereza, na Mswahili hana nafasi humo. Hoja hii ina uzalendo kwa nje na uvivu kwa ndani. Vitufe vya picha huja na majina yake, na mtumiaji hana ruhusa ya kuyageuza. Katika mstari wa amri, kinyume chake, mtu huweza kuiarifu kompyuta yake kwa mstari mmoja tu kuwa amri fulani itaitwa kwa jina jingine. Akitaka, kutoa neno kutaitwa «toa», kuingiza kutaitwa «tia», na kuunda jipya kutaitwa «tunga». Tangu siku hiyo ataandika «toa benki», na mashine itatii. Mahali ambapo Kiswahili hudhaniwa kufukuzwa ndipo penye mlango uliowachwa wazi, na waliopewa dhamana ya lugha wamekaa uani wakilalamika.

Linabaki neno moja ambalo mwenye ghala lazima alishike kichwani, nalo ni lile la kuuzindua ufunguo wa faragha. Msomi wa fasihi hupata kishawishi cha kuchukua mstari wa shairi mashuhuri. Asithubutu, kwa kuwa kilichopigwa chapa kimekwisha kusomwa, na wezi wana orodha za vitabu. Njia iliyo bora ilielezwa na Arnold Reinhold mwaka 1995. Huandaliwa orodha ya maneno 7,776, kila neno na namba yake; kisha hurushwa dadu mara tano kupata neno moja. Maneno sita yaliyopatikana hivyo yana namna zilizo sawa na 7,776 kwa kipeo cha sita, yaani idadi yenye tarakimu 24. Orodha hiyo yaweza kuwa ya Kiswahili kitupu: mbuyu, kata, shoka, tumbili, chokaa, mshumaa. Kazi ya kuichagua, kuyaacha yanayofanana na kuyatoa yenye tahajia mbili, ni kazi ya idara ya Kiswahili kabla ya kuwa ya idara ya kompyuta. Zoezi la muhula mmoja la wanafunzi lingetosha.

Mpinzani hodari zaidi hatasema kuwa chombo ni kigumu. Atasema kuwa kilicho wazi kwa wote ki wazi kwa wezi pia. Naye ana ushahidi. Machi 2024 iligunduliwa kuwa mtu aliyejifanya msaidizi mwema alikuwa ametia mlango wa siri katika programu huria iitwayo xz, inayotumika katika kompyuta nyingi za Linux. Tukio hilo ni la aibu na halifai kufunikwa. Lakini litazamwe mpaka mwisho. Aliyeligundua ni Andres Freund, mhandisi ambaye kuilinda xz haikuwa kazi yake. Aliona kuwa kuingia katika mashine kumechelewa kwa nusu sekunde, akauliza kwa nini, akafuatilia maandishi mpaka akalifikia ovu. Aliweza kwa sababu maandishi yalikuwapo ya kufuatiliwa. Mbele ya kitasa kilichozibwa angeona kuchelewa kule kule, akainua mabega, akaenda kulala. Uwazi hauahidi kuwa mwovu hataingia. Huahidi kuwa mwema hatazuiwa kumtafuta.

Wala haifai kuisifu dawa kwa kuficha uchungu wake. Programu ya pass huyafumba yaliyomo katika faili lakini haifumbi majina ya faili. Anayeliiba ghala ataona kuwa mwenyewe ana akaunti katika benki fulani, ingawa hataona neno lake. Kompyuta iliyokwisha kuingiliwa na mdudu haiokolewi na kitasa chochote, maana mwizi aliye ndani husubiri mlango ufunguliwe na mwenyewe. Idara yaweza kuliweka ghala moja likafumbwa kwa funguo za hadhara za watu kadhaa. Lakini mmoja akiondoka haitoshi kulifumba upya bila ya ufunguo wake, kwa kuwa nakala za zamani anazo, hivyo maneno yenyewe hayana budi kugeuzwa. Na lililo zito kuliko yote: apotezaye ufunguo wa faragha hana wa kumpigia simu. Nakala yake haina budi kuwekwa mbali na kompyuta, mahali pakavu penye kufuli, na mtu mwaminifu ajue ilipo, ili kifo cha mwenye amana kisiwe kifo cha amana yenyewe. Haya ni mashaka ya mtu huru. Mpangaji hana mashaka ya paa, lakini pia hana nyumba.

Deni nalo litajwe. Huria si sawa na bure. Mapema mwaka 2015 ulimwengu uliambiwa kuwa Werner Koch, ambaye chombo chake kililinda barua za waandishi wa habari na watu wa kila namna, alikuwa karibu kuiacha kazi kwa kukosa fedha. Habari ilipoenea, michango ikamiminika. Swali la aibu ni lile la miaka iliyotangulia: walikuwa wapi waliokuwa wakikitumia? Hata mwovu wa xz alipata nafasi kwa kuwa mzigo wote ulikuwa umemwelemea mtunzaji mmoja aliyechoka. Vyuo hulipa bila ya kunung'unika kodi za programu zilizozibwa, lakini kwa zile zilizo wazi hujiona vimemaliza wajibu kwa kuzichukua. Vyuo vya Afrika Mashariki haviwezi kusema kuwa mambo haya ni ya mbali. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi ile iliwezekana kwa sababu moja kubwa: maandishi ya programu yalikuwa wazi, na hakuna mwenye mali aliyehitaji kuombwa ruhusa. Waliopokea tunda la uwazi hawastahili kuwa wa kwanza kuusahau mti.

Kwa hiyo linalotakiwa si mkutano wala kamati. Ni mwalimu mmoja kuketi kwa alasiri moja, kutengeneza funguo zake mbili, kuhamisha maneno yake ya siri moja baada ya moja, na kuwaonyesha wanafunzi wake Jumatatu namna alivyofanya. Mwalimu wa tarehe ajifunze, na wa sheria, na wa fasihi. Mafundi wa kompyuta wana kazi yao, na kazi hiyo si kubeba amana za wengine. Mzee aliyemweleza mtafiti siri ya ukoo wake hakuiamini kampuni wala hakuiamini mashine. Alimwamini mtu aliyeketi mbele yake na kalamu mkononi. Mtu huyo ndiye anayedaiwa ufunguo.